Mnyweshaji Aliyemsahau Yusufu: Magereza ya Kaskazini katika Bajeti ya Taifa



Katika Kitabu cha Mwanzo tunasoma habari za Yusufu, aliyetupwa gerezani huko Misri pasipo kosa. Humo ndani alikutana na mnyweshaji wa Farao, akamfasiria ndoto yake, kisha akamwomba jambo moja tu: kwamba atakapotoka na kurudishiwa cheo chake, amkumbuke na kumtaja mbele ya mfalme. Mnyweshaji akatoka, akarudi kukishika kikombe cha bwana wake, na Yusufu akabaki kifungoni miaka miwili mizima. Maandiko hayasemi kwamba mnyweshaji alimchukia Yusufu, wala kwamba alimfanyia hila. Yanasema alimsahau, basi.

Kisa hiki ndicho kisa cha magereza ya kaskazini mwa nchi yetu. Lodwar, Maralal, Marsabit, Isiolo, Garissa, Wajir na Mandera ni majina ambayo kila mpenda mageuzi anayajua, kwa kuwa historia ya ukombozi wetu imepitia huko mikononi mwa askari. Wengi waliotoka huko, au waliotoka katika vizuizi vingine vya nchi hii, wakaja kukishika kikombe cha Farao: wakaketi serikalini, wakapitisha bajeti baada ya bajeti. Lakini waliobaki nyuma ya kuta zile hawakutajwa. Nia yangu katika makala haya ni kuwaomba wapenda mageuzi na waumini wa mitaa ya Eastlands tuyataje magereza hayo kwa majina, tena tuyataje mahali pale ambapo jina hugeuka kuwa chakula, maji na dawa, yaani katika makadirio ya matumizi ya serikali.

Eastlands na njia ya kaskazini

Huenda mtu akauliza: mkazi wa Kaloleni, Jericho au Kayole ana haja gani na gereza la Lodwar? Jibu ni kwamba njia ya kwenda kule ilianzia hapa petu.

Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama mbele ya umati wa wafanyakazi na wanasiasa, akatoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi hizi za Afrika Mashariki. Haikupita hata mwezi mmoja kabla yeye na Fred Kubai hawajakamatwa, tarehe 15 Mei, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa siku kadhaa. Serikali ya kikoloni haikuridhika kumfunga Makhan Singh hapa mjini, mahali ambapo wafanyakazi wangeweza kumfikia. Ilimpeleka Lokitaung, kisha Maralal, kisha Dol Dol, na hakuachiliwa mpaka mwaka wa 1961, baada ya takriban miaka kumi na moja.

Kabla yake, Harry Thuku alikuwa amekwisha kupelekwa Kismayu baada ya kukamatwa mwaka wa 1922, na baadaye Marsabit. Baada yake wakafuata wale sita wa Kapenguria: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Kenyatta alihukumiwa mwezi wa Aprili 1953 kifungo cha miaka saba na kazi ngumu, akakitumikia Lokitaung. Kisha akawekwa Lodwar, na mwaka wa 1961 akahamishiwa Maralal kabla ya kurudishwa nyumbani Gatundu.

Mkoloni hakuichagua kaskazini kwa bahati. Sheria yake ya Wilaya za Pembezoni ya mwaka wa 1902, na ile ya Wilaya Maalumu ya mwaka wa 1934, zilikuwa zimekwisha kuifunga nchi ile yote kwa vibali na vizuizi, hata mwenyeji wa huko hakuweza kutoka wala mgeni kuingia apendavyo. Gereza la Lokitaung lilikuwa gereza lililojengwa ndani ya gereza jingine. Jua, mchanga na umbali vilifanya kazi ambayo kwingineko ingehitaji kuta ndefu na askari wengi. Kwa maneno mengine, hata tangu mwanzo faida ya gereza la kaskazini machoni pa serikali ilikuwa ni kwamba halikugharimu sana, na kwamba hakuna aliyekuja kuuliza habari zake.

Usisahau ubaharia

Wahenga walituusia tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Hebu tutazame jinsi usia huo ulivyozingatiwa.

Mwaka wa 1963 mfungwa wa Lokitaung akawa Waziri Mkuu wa Kenya. Kabla mwezi ule wa Uhuru haujaisha, serikali yake ilitangaza hali ya hatari katika eneo la Kaskazini Mashariki, kwa sababu ya vita vya wale waliotaka kujitenga. Hali hiyo ya hatari haikuondolewa mpaka mwaka wa 1991. Chini ya kivuli chake ndipo yalipotokea mauaji ya Wagalla, huko Wajir, mwezi wa Februari 1984. Mwaka wa 1965 ukaja Waraka Rasmi Nambari 10, uliofundisha kwamba fedha za maendeleo zipelekwe mahali zitakapozaa haraka zaidi, yaani penye mvua, rutuba, reli na barabara. Waraka ule haukutaja magereza. Lakini mtumishi wa Hazina aliyelelewa katika fikira hiyo, akipewa orodha ya vituo vya kugawia fedha, atakiweka Mandera mahali gani?

Sisi wa kizazi cha mageuzi tulifanya jema. Baada ya Saba Saba ya mwaka wa 1990, pale Kamukunji. Baada ya kina mama wa wafungwa wa kisiasa kukaa katika bustani ya Uhuru mwezi wa Februari 1992, kupigwa na polisi, na kupewa hifadhi katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote. Baada ya kelele na machozi mengi, Bunge lilifuta mwaka wa 1997 zile sheria za Wilaya za Pembezoni na Wilaya Maalumu. Mwaka wa 2003, Moody Awori aliposhika wizara iliyosimamia magereza, milango ilifunguliwa kidogo: wafungwa wakapata magodoro, televisheni zikaingia, na jamaa wakaweza kuwaona watu wao kwa heshima zaidi kuliko zamani. Katika baraza la mawaziri la wakati ule walikuwamo watu waliowahi kuwekwa kizuizini. Tusiwanyime shukrani zao.

Lakini hisani ya waziri si bajeti. Waziri huja na moyo wake, na akiondoka huondoka nao. Kitu kinachobaki baada yake ni kile tu kilichoandikwa katika makadirio, mwaka hata mwaka. Mwezi wa Aprili 2008 askari wa magereza wenyewe waligoma kwa sababu ya mishahara na maisha duni, ikabidi iundwe kamati chini ya Marsden Madoka kuchunguza. Miaka kumi na minne baadaye, Desemba 2022, ikabidi iundwe jopo jingine, chini ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, kuchunguza tena hali ya polisi na askari wa magereza. Nchi inayounda tume mbili kwa ugonjwa mmoja haijakosa maarifa ya ugonjwa huo. Imekosa kuutengea fedha.

Shilingi moja haina uzito mmoja

Sasa tuingie katika hesabu yenyewe, kwa kuwa wengi wetu huikimbia tukidhani ni kazi ya wataalamu.

Chukua mfano wa kubuni. Magereza mawili yana wafungwa mia mbili kila moja. Moja liko nyanda za juu, upande wa Kitale. La pili liko Lodwar. Hazina inataka kutenda haki, kwa hiyo inayapa yote mawili kiasi kile kile kwa kila mfungwa. Je, imetenda haki?

Gereza la nyanda za juu lina shamba. Wafungwa hulima mahindi, maharagwe na mboga, na mvua huwanyeshea bila malipo. Kuni ziko karibu. Mfanyabiashara wa mjini huleta unga kwa gari dogo. Mahakama iko mwendo mfupi. Gereza la Lodwar liko katika nchi ambayo mvua ni haba na joto la mchana hufika nyuzi 35 mara nyingi. Mahindi na maharagwe yanatoka kusini, kwa safari ya mamia ya kilomita, na nauli ya lori imo ndani ya bei ya kila gunia. Maji yasipotoka kisimani hununuliwa, na pampu ya kisima hutaka umeme au dizeli. Mwaka wa ukame, ambao huko si mgeni, bei ya kila kitu hupanda kwa pamoja. Shilingi iliyoondoka Nairobi ikiwa nzima hufika Lodwar ikiwa imeliwa na njia.

Kisha kuna safari ya mahakamani. Katiba ya mwaka wa 2010, Ibara ya 49, inasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa ishirini na nne, au siku ya kwanza ya mahakama kuketi ikiwa muda huo umeangukia siku isiyo ya kazi. Hapa Eastlands, kutoka kituo cha polisi cha Buruburu mpaka mahakama ya Makadara ni mwendo wa matatu moja. Huko kaskazini mahakama ziko mbali mbali, na kwa miaka mingi watu wa sehemu kadhaa wametegemea mahakama tembezi, kama ile iliyokuwa ikisafiri kutoka Garissa hadi kambi za wakimbizi za Dadaab. Gari la gereza lisipokuwa na mafuta, mahabusu haendi mahakamani. Asipokwenda, kesi huahirishwa. Kesi ikiahirishwa, anakula chakula cha serikali majuma mengine, naye bado hajahukumiwa. Basi Hazina iliyodhani imeokoa pesa za mafuta imezilipa mara nyingi zaidi kwa unga, na juu yake imemnyang'anya mtu miezi ya maisha yake.

Kwa hiyo, tukisema mgao sawa ni mgao wa haki, tunajidanganya. Ukigawa fedha kwa kuhesabu vichwa tu, au ukiongeza asilimia ile ile kwa kila kituo juu ya alichopewa mwaka jana, unaitunza kasoro ya miaka sitini na kuipa sura ya uadilifu. Ibara ya 201 ya Katiba inaagiza kwamba fedha za umma zitumike kujenga jamii yenye usawa, na kwamba maeneo na makundi yaliyoachwa nyuma yatengewe kwa namna ya pekee. Sijaona popote katika Ibara hiyo palipoandikwa kwamba agizo hilo hukomea kwenye lango la gereza.

Madeni na bei ya jangwani

Kuna jambo la pili. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara kwa mara madeni ya idara ya magereza kwa watu walioiuzia bidhaa na hawajalipwa. Ukisoma habari hizo hapa Nairobi, unaweza kuona ni shida ya matajiri wa zabuni. Lakini hebu fikiri jinsi deni hilo linavyotenda kazi Wajir.

Mfanyabiashara mkubwa wa Nairobi ana benki ya kumsubiria. Mwenye duka wa Wajir aliyeliuzia gereza unga na mafuta ya kupikia hana. Mwaka wa kwanza asipolipwa, huvumilia. Mwaka wa pili hukataa kuuza, au huuza kwa bei inayobeba ndani yake ile miezi yote anayojua atangoja. Wanaobaki katika zabuni ni wale wachache wenye mifuko mirefu, au wale wenye marafiki katika ofisi zinazoidhinisha malipo. Hivyo serikali isiyolipa kwa wakati hununua ghali kuliko wote, na mlango wa rushwa hufunguka wenyewe. Mwisho wa safari hiyo kuna mtu anayepokea bakuli lililopungua, naye hawezi kutoka kwenda kutafuta jingine.

Fungu lisilo na jina

Jambo la tatu ndilo zito zaidi kwetu tunaodai uwazi. Magereza, kwa mujibu wa Nyongeza ya Nne ya Katiba, ni kazi ya Serikali ya Taifa. Gavana wa Turkana au wa Marsabit hana fungu la kulishia wafungwa, na Bunge la Kaunti haliwezi kumuuliza mkuu wa gereza juu ya hesabu zake. Kila senti hutoka Nairobi. Nayo bajeti ya taifa siku hizi hupangwa kwa programu. Mwananchi anayefungua kitabu cha makadirio hukutana na mafungu makubwa ya huduma za magereza kwa nchi nzima, yenye zaidi ya vituo mia moja ndani yake. Atafute humo Maralal imekusudiwa kupata kiasi gani cha maji, na Mandera kiasi gani cha dawa, atahangaika.

Fungu lisilo na jina halina mwenye kuliulizia. Fedha zikichelewa, au zikikatwa katikati ya mwaka kwa bajeti ya nyongeza, hakuna anayeweza kusema ni gereza lipi lililokatwa. Gereza lenye mkubwa wa kulisemea, lililo karibu na makao makuu, ambalo majaji, wanahabari na maaskofu hulitembelea, litapata chake kwanza. Lile ambalo mgeni wa mwisho alifika miezi mingi iliyopita litapata kilichobaki. Hatuhitaji kumshuku mtu yeyote kwa uovu ili tuone kwamba itakuwa hivyo. Ni yale yale ya mnyweshaji.

Wala wafungwa hawana kura ya kutosha kumtisha mtu. Mwaka wa 2017 waliruhusiwa kumpigia kura Rais peke yake. Mbunge anayekaa katika Kamati ya Bajeti hakuombwa lolote na mfungwa wa Lodwar, na mfungwa hakuwa na la kumwadhibia.

Wanaosema kwanza watoto wetu

Najua lipo pingamizi, na si la watu wabaya. Mama wa Dandora ambaye mtoto wake anasoma katika darasa la wanafunzi themanini atauliza: kwa nini tumshughulikie mwizi wa mifugo wa Samburu kabla ya mtoto wangu? Swali hilo linastahili jibu la heshima.

Kwanza, wengi walio ndani si wezi wa mtu. Ni mahabusu ambao kesi zao hazijaamuliwa, na sheria inawahesabu kuwa hawana hatia. Wapo waliowekewa dhamana ya pesa taslimu wasiyoweza kuilipa. Sisi wa Eastlands tunalijua jambo hili kwa majina ya vijana wetu, waliochukuliwa barabarani na kupelekwa rumande ya Industrial Area kwa makosa ambayo mwenye pesa huyamaliza asubuhi ile ile.

Pili, serikali inapomfunga mtu, humwondolea uwezo wa kujitafutia. Mtu huru akikosa chakula anaweza kuomba, kulima, kuhama au kupiga kelele. Mfungwa anakula anachopewa au hali. Ibara ya 51 ya Katiba inasema mtu aliye kifungoni anabaki na haki zake zote isipokuwa zile ambazo haziwezi kabisa kupatana na hali ya kufungwa. Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru, ya mwaka wa 2014, inataja wazi chakula, malazi, mavazi, usafi na matibabu. Hukumu ya hakimu ilikuwa kifungo. Haikuwa kiu, wala kifua kikuu.

Tatu, mama huyu wa Dandora na mama wa Lodwar hawagombanii bakuli moja. Wote wawili wanadhulumiwa na kitabu kile kile kisichosomeka. Fedha za darasa hupotea kwa njia ile ile inayopotezea fedha za gereza: fungu kubwa lisilo na jina, malipo yanayochelewa, na zabuni ya mwenye rafiki. Atakayejifunza kuuliza juu ya moja atakuwa amejifunza kuuliza juu ya lingine.

Gharama iliyo ndogo kuliko zote

Nisieleweke kwamba ninaomba magereza zaidi kaskazini. Kitanda cha gereza kilicho nafuu kuliko vyote ni kile ambacho hakuna sababu ya mtu kukilalia. Tangu mwaka wa 1998 tunayo Sheria ya Kazi za Huduma kwa Jamii, inayomwezesha mwenye kosa dogo kufanya kazi ya manufaa kwa watu wake badala ya kufungwa. Katika nchi ambayo kila kijiji kinahitaji bwawa, ukuta wa shule na miti, sheria hiyo ilistahili kutumika kwa wingi, na maafisa wa kuisimamia walipwe nauli ya kuwafikia watu.

Mwaka wa 2020 Mahakama ilizindua sera ya kutambua mifumo ya haki ya jamii, ile ya wazee na upatanisho, ambayo kaskazini ni ya kale kuliko mahakama zenyewe. Hapa pana tahadhari: wazee wasimalize kwa ngamia kesi ya msichana aliyebakwa, kwani upatanisho unaonunua kimya cha mnyonge si haki. Lakini ugomvi wa malisho na wa kisima, na makosa madogo madogo, yanaweza kumalizwa huko, na lori la gereza likabaki na mafuta ya kuwapeleka mahakamani wale ambao lazima waende.

Tuseme nini, lini, na wapi

Vijana wetu walitufundisha jambo mwaka wa 2024. Waliuchukua Mswada wa Fedha, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri katika lugha za nyumbani, na tarehe 25 Juni wakajaa barabarani. Wengine hawakurudi. Siku ya pili yake Rais alitangaza kuuondoa mswada ule. Walisoma ukurasa wa kodi, yaani jinsi fedha zinavyochukuliwa. Kazi iliyobaki ni kuusoma ukurasa wa pili, jinsi zinavyotumiwa.

Ukurasa huo una majira yake. Makadirio ya matumizi hufikishwa katika Bunge la Taifa kabla ya mwisho wa mwezi wa Aprili. Ibara ya 221 inailazimu kamati ya Bunge kutafuta maoni ya wananchi kabla ya kuyapitisha, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kati ya Pasaka na mwisho wa Juni kuna nafasi ya kusema. Ninapendekeza kwamba kamati za haki na amani za parokia zetu, vikundi vya akina mama, vyama vya vijana na jumuiya za makanisa yote ya Eastlands, pamoja na ndugu zetu wa misikiti ya Pumwani na Eastleigh, wengi wao wakiwa na jamaa kaskazini, tuandike waraka mmoja wenye madai haya:

1. Makadirio ya idara ya magereza yaambatane na orodha ya kila gereza kwa jina, ikionyesha idadi ya wafungwa na mahabusu, na fedha zilizotengwa kwa chakula, maji, matibabu na usafiri wa kwenda mahakamani.

2. Mgao wa kila gereza uhesabiwe kwa gharama halisi za mahali lilipo, na nyongeza ya umbali na ukame iandikwe wazi, isiachiwe huruma ya afisa.

3. Wauzaji wadogo wa maeneo hayo walipwe kwanza katika kulipa madeni, na orodha ya waliolipwa itangazwe.

4. Pale ambapo Hazina ya Usawazishaji, iliyowekwa na Ibara ya 204 kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma, inapeleka bomba au nguzo mjini, gereza la mji huo lisirukwe.

5. Nyumba za askari wa magereza wa kaskazini ziwe na fungu lake. Askari anayelala katika kibanda cha mabati chenye joto la tanuru hawezi kutazamiwa kumtunza mfungwa kwa upole.

Mtu asiseme hatuna nguvu. Kina mama wa mwaka wa 1992 hawakuwa na cheo wala fedha. Walikuwa na majina ya wana wao, na walikataa kuacha kuyataja. Walikaa katika kanisa lile karibu mwaka mzima, na mwanzoni mwa mwaka wa 1993 milango ya gereza ikaanza kufunguka.

Na kwa waumini nina neno la mwisho. Katika sura ya ishirini na tano ya Injili ya Mathayo, Bwana anawahukumu watu kwa njaa waliyoishibisha na kwa mfungwa waliyemtembelea, wala hakuweka mpaka wa kilomita. Kutoka hapa mpaka Garissa ni kama kilomita 370. Mandera ni zaidi ya 900. Wengi wetu hatuwezi kufika huko kwa miguu wala kwa basi. Lakini jina linafika. Linaweza kuandikwa katika waraka hapa Kaloleni, likasomwa mbele ya kamati ya Bunge, likaingia katika kitabu cha makadirio, na hatimaye likafika Lodwar katika umbo la gunia la unga na pipa la maji.

Mnyweshaji wa Farao alikuja kukumbuka siku ile tu mfalme aliposumbuliwa na ndoto. Sisi tusingoje ndoto ya wakubwa. Mwezi wa Aprili unakuja kila mwaka. Tuwe tumekwisha kuandika.